Umekinai Nini, Mwanangu?

Barua ya kuthibitishwa kazini niliipokea wiki mbili zilizopita, ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, nikasaini kwenye daftari la kupokelea barua nikiwa nimesimama mlangoni mwa masjala. Ina aya tatu tu. Inasema kwamba kipindi changu cha majaribio cha miezi 12 kimekamilika, kwamba utendaji wangu umeridhisha, na kwamba sasa nimo katika ajira ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Wenzangu wawili walinipa mkono wa hongera na mmoja akaninunulia soda. Nilirudi mezani kwangu, nikaiweka barua kwenye droo, nikainua macho kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi, na nilijua kwamba hadi saa tisa na nusu alasiri sitakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuhamisha namba kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye jedwali la kompyuta. Furaha niliyoitarajia haikuja, na kutokuja kwake kulinitisha.

Ushauri wa namna ya kupata kazi umejaa kila mahali: jinsi ya kuandika barua ya maombi, jinsi ya kuvaa siku ya usaili, jinsi ya kujibu ukiulizwa udhaifu wako. Ushauri kwa mtu aliyekwisha kuipata kazi, akaikalia mwaka mzima, na bado hajui kama ni yake, ni mchache sana, na nadhani uchache huo unatokana na aibu. Mimi pia ninaijua aibu hiyo, na ndiyo maana ninaandika.

Kazi hii niliitafuta kwa machozi. Nilihitimu shahada ya takwimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2021, na miaka mitatu iliyofuata niliishi kwa kazi za siku chache chache, nikifundisha hesabu watoto wa jirani nyakati za jioni na kumsaidia shangazi dukani kwake Majengo. Nilikwenda kwenye usaili wa mchujo mara tatu. Waliopita njia hiyo wanaujua ukumbi uliojaa vijana wenye bahasha za vyeti mapajani, baadhi yao wakiwa wamesafiri usiku kucha kutoka Kigoma au Mtwara, huku nafasi zinazogombewa zikiwa tatu au tano. Mara ya tatu nilifaulu hadi mahojiano, lakini nafasi zikawa zimejaa, nikawekwa kwenye kanzidata, neno ambalo kwa wahitimu wa rika langu lina maana ya kungoja bila kujua unangoja hadi lini. Nilingoja miezi saba. Nilipopangiwa kituo cha kazi, Juni 2024, mama yangu alipeleka kanisani sadaka ya shukrani, jogoo mmoja na debe la mtama mpya. Baada ya ibada vitu hivyo vilipigwa mnada uwanjani kama ilivyo desturi, na jogoo yule alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, hadi fedha aliyoingiza ikazidi bei ya majogoo watano. Mchungaji alinisimamisha mbele, na kina mama wakanipigia vigelegele.

Baada ya kusimamishwa vile, nani angerudi nyumbani miezi miwili baadaye na kusema kwamba kazi imemchosha?

Niliripoti tarehe 1 Julai katika taasisi moja ya umma iliyoko Mji wa Serikali, Mtumba. Ni mwendo wa kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, upande wa barabara ya Morogoro, mahali ambapo kabla ya wizara kuanza kuhamia mwaka 2019 palikuwa pori la miiba. Nilipanga chumba Nzuguni ili niwe karibu na njia. Asubuhi za Julai huku kwetu ni za baridi kavu, upepo unapeperusha vumbi jekundu, na mtu hufika ofisini akiwa na kazi ya kwanza ya kujifuta viatu. Sikukuta kiti. Nilipewa cha mtumishi aliyekuwa likizo, na aliporudi nikapewa cha mwingine. Kompyuta nilikaa wiki sita bila kuipata. Kila asubuhi nilipita kwa mkuu wangu wa kitengo kuuliza kama kuna jambo la kusaidia, naye alinijibu kwa upole ule ule: "Tulia kwanza, dada. Kazi zipo, zitakuja." Nilisoma Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikairudia sura ya likizo, nikafahamu haki yangu ya siku 28 kabla sijafanya kazi ya hata siku moja. Saa nne tulikwenda kunywa chai, saa saba tulikwenda kula, na kati ya hizo nilipanga kalamu zangu kwa urefu wake.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na ambalo ningependa kila anayeripoti katikati ya mwaka aambiwe siku ya kwanza, ni kwamba ofisi za serikali zina majira yake kama shamba. Mwaka wa fedha huanza Julai. Watu ninaowakuta wamekaa kimya mwezi huo wametoka kukesha kuanzia Machi, wakiandaa bajeti na kujibu hoja za wabunge hadi mwisho wa Juni. Fedha za mwaka mpya huwa bado hazijaanza kutoka, safari za kikazi zimesimama, na kila aliyeahirisha likizo yake anaichukua wakati huo. Niliingia shambani baada ya mavuno, nikadhani nimeingia jangwani. Kama ningelijua hilo mapema, nisingelala usiku mwingi kiasi kile nikijiuliza kama wamegundua kwamba sifai.

Kompyuta ilipofika, kazi yangu ikawa taarifa za vituo vya kuchotea maji vijijini. Kila robo mwaka taarifa hutoka kwenye kata na wilaya, zikionyesha vituo vingapi vipo, vingapi vinatoa maji na vingapi vimeharibika. Mimi nazikusanya, nazipanga, nakokotoa asilimia, napeleka kwa mkuu wangu, naye anapeleka juu. Kule juu sikujua zinafanywa nini. Robo ya kwanza niliifanya kwa hamu, ya pili kwa mazoea, na kufikia ya tatu vidole vyangu vilikuwa vinaandika namba huku akili ikiwa imeondoka kabisa. Nilijaribu kuulaumu uvivu wangu. Lakini sikuwa mvivu mwaka 2022 nilipokuwa karani wa Sensa, nikitembea nyumba kwa nyumba kuanzia tarehe 23 Agosti nikiwa na kishikwambi mkononi, jua la Dodoma likiniunguza shingo. Kazi ile nayo ilikuwa ya kurudia maswali yale yale mamia ya mara. Nilimwuliza bibi mmoja umri wake, naye akaniambia kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, tukakaa chini ya mbuyu tukihesabu watoto wake mmoja baada ya mwingine hadi tukapata mwaka unaoelekea. Tulipomaliza nikaandika tarakimu mbili tu, na tarakimu hizo hadi leo nazikumbuka pamoja na sura yake. Kwenye jedwali langu la Mtumba palikuwa na maelfu ya tarakimu, na hakuna hata moja iliyokuwa na sura.

Sisi vijana husema "naboeka." Neno hilo linatosha kijiweni, lakini mtu wa umri wa mama yangu ukimwambia hivyo hatakuelewa, au ataelewa kwamba umejazwa maringo. Nilikwenda kumsaidia kuvuna Jumamosi moja ya Septemba. Shamba lake liko Mpunguzi, barabara ya Iringa, robo tatu za ekari, na zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja kati ya Februari na Machi na mara ya pili kati ya Agosti na Septemba. Tulikuwa kwenye mstari mmoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukikata vishada kwa mkasi na kuondoa punje zilizopasuka kabla ya kuviweka kwenye kreti. Vidole vyake vina makovu madogo ya mkasi yanayozidi kuwa meusi kila msimu kwa sababu utomvu na vumbi huingia humo. Aliniuliza mbona nimekonda. Nikatafuta neno lake, nikamwambia, "Mama, nimekinai kazi."

Hakuacha kukata. Alimaliza kishada alichokuwa nacho, akakigeuza kutazama upande wa chini, akakilaza kwenye kreti.

"Mtu hukinai alichokula," akasema. "Wewe umekula nini hata ukinai, mwanangu?"

Siku ile nililipokea swali lake kama karipio, nikanyamaza hadi jioni. Nilidhani ananikumbusha jogoo na debe la mtama. Nilipolirudia baadaye kwenye daladala, nikiwa nimepakata mfuko wa zabibu, nilianza kuona kwamba alikuwa ananiuliza jambo la kweli, na kwamba sikuwa na jibu. Sikuwa nimeila kazi hii. Nilikuwa nimeiramba tu pembeni. Sikujua namba zinatoka kwa nani, sikujua zinakwenda kwa nani, wala sikuwahi kuuliza, kwa sababu mgeni ofisini hujifunza haraka kwamba anayeuliza sana huonekana hajui, na mimi nilikuwa kwenye majaribio.

Kati ya Machi na Juni nilipata jibu la dhana yangu nyingine, ile kwamba dawa ya kuchoshwa ni kazi nyingi. Bunge la Bajeti lilipoanza Aprili, ofisi yetu ilibadilika kama nyumba yenye arusi. Tulitoka saa nne usiku, wakati mwingine saa sita. Majedwali yangu yaliombwa kwa namna tano tofauti ndani ya siku moja, nikala chipsi mayai juu ya kibodi, nikalala Jumapili nzima bila kwenda ibadani. Muda ulikimbia na sikuitazama saa. Lakini usiku mmoja, nikiwa kwenye gari la ofisi lililotushusha majumbani, niligundua kwamba lile swali la Septemba lilikuwa limekaa pale pale nilipoliacha. Nilikuwa nimechoka mwili, na bado sikujua nafanya nini. Tangu siku hiyo siamini tena anayeniambia kwamba mwenye shughuli nyingi hawezi kuchoshwa na kazi yake.

Kilichonigusa kwa kweli kilikuwa kidogo, na kilitokea Mei, siku ambayo sikuwa na matumaini yoyote nayo. Nilikuwa napitia taarifa za kata moja iliyoko kaskazini mwa mkoa wetu. Robo ya kwanza ilikuwa na vituo 14 vinavyotoa maji. Robo ya pili 14. Ya tatu 14. Nikarudi mwaka uliotangulia nikakuta 14, 14, 14, 14. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichokauka hata kiangazi. Mtu yeyote aliyekulia Dodoma anajua kwamba pampu saba haziwezi kufanya kazi miaka miwili bila moja kugoma, sembuse 14.

Kwa kawaida ya hesabu zetu, kituo kimoja huhesabiwa kuwa kinahudumia watu 250, kiwango kilichomo katika Sera ya Maji ya mwaka 2002 pamoja na sharti kwamba mtu asitembee zaidi ya meta 400 kufuata maji. Kwa hiyo 14 ile kwenye jedwali langu ilikuwa inasema kwamba watu 3,500 wana maji. Nilitafuta namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu pembezoni mwa fomu ya zamani, nikaipiga. Aliyepokea alikuwa fundi wa jumuiya ya watumiaji maji, na nyuma ya sauti yake nilisikia mbuzi. Nilijitambulisha, nikamwamkia, nikamwomba aniambie vituo vinavyotoa maji siku hiyo. Alivihesabu kwa majina ya watu na miti: kwa Mzee fulani, kwenye mkwaju, shuleni, kwa mama muuza pombe. Alifika 11 akanyamaza. Vitatu vilikuwa vimekufa tangu kabla ya mvua, viwili kwa sababu vifaa vya pampu vimekwisha, kimoja kwa sababu bomba limepasuka chini ya korongo. Aliwahi kutoa taarifa hiyo. Namba iliyotufikia ilikuwa imenakiliwa kutoka robo iliyotangulia na mtu ambaye, ninavyodhani, alikuwa amekaa kwenye kiti kama changu akijisikia kama mimi.

Watu 750. Hao ndio waliokuwa na maji kwenye karatasi yangu na hawakuwa nayo nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nimewahamisha kutoka safu moja kwenda nyingine robo tatu mfululizo bila kuwaona.

Niliandika dokezo la nusu ukurasa kwa mkuu wangu. Lilirudi siku ya pili likiwa na maneno mawili kwa mkono wake, "Sawa. Rekebisha," na saini. Hakuna aliyenipongeza, na sidhani kama palikuwa na jambo la kupongezwa. Niliporekebisha namba ile nilitazama saa kwa bahati mbaya, nikakuta ni saa kumi na robo, wenzangu wamekwisha kuondoka. Baada ya hapo nilianza kupiga simu tatu kila Ijumaa kwa kata ninazozichagua mwenyewe. Nimepata makosa mengine mawili hadi sasa. Siku nyingine zote za wiki kazi ni ile ile, na Jumatatu baada ya Ijumaa hizo uchovu wangu hunisubiri kwenye kiti kama mtu mwenye miadi. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu nisingependa mtu asome kisa cha zile pampu akadhani kwamba nimepona.

Maana bado ninafikiria kuondoka. Rafiki yangu tuliyesoma naye yuko Dar es Salaam katika kampuni binafsi ya uchambuzi wa takwimu, na mwezi uliopita aliniambia kwamba wanatafuta mtu. Ni mkataba wa miezi sita unaoweza kuongezwa. Mshahara wake unakaribia mara mbili ya ninaoupata, na ninaoupata hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa deni la Bodi ya Mikopo, asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 3 ya bima ya afya, na kodi juu yake, kabla sijalipa pango na kumtumia mama fedha ya dawa ya ukungu wa zabibu. Rafiki yangu ananiambia kwamba kwa treni ya umeme nitakuwa nyumbani kila Ijumaa jioni, kwa kuwa safari yenyewe haichukui hata muda wa saa nne. Yote anayoyasema ni kweli. Lakini nimeona wenzetu ambao mkataba wa miezi sita ulikwisha wakarudi kwenye bahasha za vyeti mapajani, na sijui kama nina moyo wa kukaa ukumbini tena. Vilevile sijui kama woga huo ni sababu halali ya mtu kukaa mahali kwa miaka 30.

Nilimwuliza mzee mmoja wa ofisini kwetu aliyestaafu mwezi Juni alipotimiza miaka 60. Tulimwita Baba, wote. Yeye ndiye aliyekuja na lori la majalada kutoka Dar es Salaam wakati serikali inahamia huku, akiwa amekaa juu ya maturubai kuhakikisha upepo hauyafunui. Nilimkuta akifunga vitu vyake kwenye boksi, nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na habari za rafiki yangu. Nilitegemea aniambie nivumilie, kwa kuwa ndilo neno ambalo wazee hutupa. Alikaa kimya akifunga kamba.

"Mimi nimefanya miaka 34," akasema, "na katika hiyo, kama sita hivi sikujua nafanya nini hapa. Nyingine zilikuwa nzuri. Lakini usinifanye mimi kipimo, mwanangu. Wakati wetu hapakuwa na pa kwenda, kwa hiyo sikuwahi kuchagua kubaki. Nilibaki tu."

Maneno hayo nimeyabeba tangu Juni. Alinipa heshima ya kutonidanganya, na ndiyo iliyoniwezesha kufanya jambo nililokuwa nikiliogopa mwaka mzima. Siku tatu baada ya kupokea barua ya kuthibitishwa niliingia kwa mkuu wangu, nikamwambia kwamba naomba nijumuishwe kwenye timu inayokwenda kuhakiki vituo vya maji, kwa sababu nakusanya namba za mahali nisipopajua na zimeanza kunichosha. Nilisema hivyo hivyo, kwa neno hilo. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamjibu kwamba niliogopa. Akaandika jina langu pembeni ya orodha kwa penseli, na jana likapigwa chapa.

Kwa mama sijasema habari za Dar es Salaam, ila nimempigia kumwambia kwamba wiki ijayo sitafika kumsaidia shambani, nitakuwa safarini kikazi. Aliniuliza kama nitakuwa na koti, kwa sababu upepo wa Agosti upande ule ni mkali. Rafiki yangu nimemwomba aningoje hadi nitakaporudi, naye amekubali kunishikia nafasi hadi mwisho wa mwezi, hata siku moja zaidi hataweza.

Gari linatuchukua Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, pale kituo cha mafuta cha Nzuguni. Kata ya kwanza kwenye ratiba ni ile ya fundi mwenye mbuzi. Nimempigia, akaniambia kwamba moja kati ya zile pampu tatu wameitengeneza wenyewe kwa michango, kwa hiyo kama hakuna iliyokufa katikati ya wiki hii, nitakuta 12.